Milele, Ukurasa wa Tisa

Neno lenyewe lilikuwa ukurasa wa tisa,
katikati ya mstari, halina hata herufi kubwa:
milele.
Baba akaliwekea kidole chenye ufa mweusi
ambao sabuni ya miaka sitini haijauosha.
"Hapa," akauliza, "hapa wamemaanisha nini?"

Bi Ostrander, wakili, akavua miwani,
akaeleza tena, polepole, kama anayemenya:
shamba linabaki lenu. Mtalima, mtakodisha,
mtarithisha, hata kuliuza mkitaka.
Mnachouza leo ni haki ya kujenga tu,
na wanaoinunua hawatajenga.
Wataiatamia, kama kuku juu ya yai la jiwe,
lisianguliwe.

Tadek alicheka. Irena hakucheka.
Irena alikuwa na hesabu yake nyuma ya bahasha:
bei ya yule bwana wa maghala,
mwenye viatu visivyojua tope,
aliyekuja Machi akapiga hatua mia tatu
juu ya matuta yetu matupu
akihesabu milango ya malori.
"Mara nne," Irena alisema. "Anatoa mara nne.
Nina watoto watatu, baba, na goti la plastiki."
Hakuna aliyemjibu.
Hakuwa na kosa.

Hapa palikuwa ziwa, kisha kinamasi.
Babu Kazimir na nduguze walichimba mtaro kwa sepetu,
vidole vikifa ganzi,
wakayaambia maji: piteni huku.
Maji yakatii. Nyuma yake ukabaki udongo huu,
mweusi kama masizi ya chungu.
Ukikauka hupeperuka, huingia kwenye mkate,
kwenye kitabu cha sala, kwenye shuka za maharusi.
Ukishika moto huungua chini kwa chini wiki nzima,
kama kinyongo.
Lakini vitunguu vyake! Vikali
hata mama alilia akivipanga tu kwenye gunia,
akasingizia vitunguu siku nyingine pia.

Nyuma ya banda kuna bomba la chuma.
Babu alilipigilia hadi mwambani
mwaka aliozaliwa baba,
kichwa chake sawasawa na ardhi.
Leo linanifika kiunoni.
Bomba halijaota. Sisi ndio tumeshuka.
Udongo wa ziwa, ukiulima, unapumua;
ukipumua, unapungua,
sentimita moja kwa mwaka, mwaka wa upepo mbili.

Basi nikamwuliza Bi Ostrander:
hati hii inalinda upana peke yake,
au inalinda na kina?
Akaliandika swali langu pembeni, kwa penseli.
Sijui alilipeleka wapi.

Baba alitia sahihi mara kumi na moja.
Ya kwanza ilinyooka kama tuta,
ya mwisho ilikuwa mkono wa mtu
anayeandikia watoto ambao hatawaona
na kuwakataza jambo.
Irena alisaini wa mwisho, bila kuketi.
Eka mbili kando ya barabara zimeachwa nje ya hati:
ni zake. Alizipigania hadi saa saba mchana,
kisha akatununulia sote supu.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Yetu sasa ina daftari, kurasa kumi na nne.
Itaisha, kama itaisha,
habari zikiwa zimeandikwa.

Tadek amepanda shayiri ya kufunika ardhi,
si ya kuvuna, ya kuushika udongo mkono
wakati wa baridi.
Baba hupita nayo kila asubuhi, haongei,
anaigusa kwa ncha ya kiatu.
Nami jana nimefunga uzi wa buluu kwenye bomba,
pale hasa udongo ulipofika.
Theluji ikiyeyuka nitapiga magoti na rula,
nione milele imeshuka kiasi gani.